Makumbusho ya Wasukuma, Bujora

Makumbusho ya utamaduni wa Wasukuma yaliyoko Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari Mkatoliki kutoka Kanada, kwa kushirikiana na wenyeji. Banda la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Ndilo linalostahili kutazamwa kwanza, kwa kuwa ngoma hizo zilikuwa alama ya utawala wenyewe. Makumbusho pia yanahifadhi kumbukumbu za Bagika na Bagalu, vyama hasimu vya ngoma, vinavyoshindana kila mwaka katika sikukuu ya Bulabo, mwezi Juni.