Krediti Pacha: Kozi Moja, Rekodi Mbili

Leo naweka msimbo kando kidogo tuzungumze historia. Lakini msiende mbali, maana mwishoni tutarudi palepale kwenye hifadhidata.

Kuna mpango mmoja wa elimu huko Marekani ambao hapa nitauita krediti pacha. Mwanafunzi akiwa bado sekondari anasoma kozi ya chuo, na kozi hiyo moja inahesabiwa mara mbili: kwenye cheti chake cha sekondari na kwenye rekodi yake ya chuo. Krediti ni kipimo cha kazi ya darasani. Kozi ya saa 3 kwa wiki kwa muhula mmoja kwa kawaida hutoa krediti 3, na digrii ya miaka 4 huhitaji krediti 120 hivi. Kwa hiyo kijana akiingia chuoni na krediti 30 mfukoni, ameokoa mwaka mzima wa karo.

Je, wazo hili lilitoka wapi? Mwanzoni halikuwa la watoto wa mnyonge. Mwaka 1951 mfuko mmoja uliotokana na Ford Foundation ulilipia vijana werevu waingie vyuo vikuu kama Yale na Chicago kabla ya kumaliza sekondari. Mwaka 1955 Chuo Kikuu cha Connecticut kikaanza kutoa kozi zake ndani ya shule za sekondari. Miaka hiyohiyo ulizaliwa mtihani wa Advanced Placement, ambapo mwanafunzi anafanya karatasi moja mwishoni, na akipata alama nzuri chuo kinaweza kumpa krediti. (Kwa wale wenzangu wa programu: mtihani wa kompyuta uliingia humo mwaka 1984, ukitumia lugha ya Pascal, kisha C++, kisha Java.)

Mwaka 1972 shule za eneo la Syracuse, New York, zilikiendea chuo kikuu cha mji huo na malalamiko: wanafunzi wa mwaka wa mwisho wamechoka, wamemaliza masomo ya lazima na sasa wanapoteza wakati tu. Chuo kikajibu kwa Project Advance. Kilichagua walimu wa sekondari, kikawafundisha, kisha wakafundisha kozi za chuo wakiwa kwenye madarasa yao wenyewe.

Mpaka hapo mpango ulikuwa wa wale ambao wangefika chuoni hata bila msaada. Aliyeupindua ni mwalimu mmoja aliyeitwa Janet Lieberman. Mwaka 1974 alianzisha Middle College High School ndani ya chuo cha LaGuardia, Queens, New York. Wanafunzi aliowataka ni wale ambao shule za kawaida zilikuwa karibu kuwapoteza. Hoja yake ilikuwa rahisi: kijana anayeambiwa kila siku kwamba hafai, mweke chuoni, mpe kitambulisho, apite kwenye korido moja na wanachuo. Atajiona mwanachuo, na huenda akafanya kama mwanachuo. Mimi naona hapo ndipo historia yenyewe ilipoanza.

Mwaka 1985 jimbo la Minnesota, chini ya gavana Rudy Perpich, lilipitisha sheria iliyowaruhusu wanafunzi wa miaka 2 ya mwisho ya sekondari kusoma vyuoni, huku pesa za serikali zikimfuata mwanafunzi. Wazo likawa haki ya kisheria. Majimbo mengine yakafuata.

Sasa tufike kwenye ile inayotuhusu sisi watu wa teknolojia. Septemba 2011 ilifunguliwa shule iitwayo P-TECH huko Brooklyn, kwenye jengo la Paul Robeson High School, shule iliyokuwa ikifungwa pole pole. Washirika walikuwa 3: idara ya elimu ya jiji, chuo cha City Tech, na IBM. Shule haikuwa na mtihani wa kuingia. Muda wake ni miaka 6 badala ya 4, na mwishoni mwanafunzi anatoka na cheti cha sekondari pamoja na shahada ya miaka 2 katika teknolojia, bila kulipa karo.

Jinsi walivyoitengeneza ingempendeza programa yeyote. Walianza mwishoni. IBM iliorodhesha ujuzi unaotakiwa kwenye kazi zake za ngazi ya kwanza, kisha masomo yakapangwa kurudi nyuma hadi darasa la kwanza la sekondari. Wafanyakazi wa kampuni wakawa walezi wa wanafunzi, na wahitimu wakaahidiwa nafasi ya mbele kwenye foleni ya kazi. Februari 2013 Rais Obama aliisifu mbele ya bunge, na Oktoba mwaka huo akaitembelea. Mwaka 2015 wanafunzi 6 wa kwanza walimaliza yote kwa miaka 4. Baadaye mtindo huo ulienea hadi nchi nyingine, Morocco ikiwemo.

Tusishangilie haraka lakini. Krediti pacha ina makali pande zote mbili. Mtoto wa miaka 15 akipata F kwenye kozi ya chuo, hiyo F ni ya chuo, na itamfuata kwenye rekodi yake muda mrefu baada ya yeye kukua.

Na kuna tatizo ambalo sisi tunaounganisha mifumo tunalijua sana. Mfumo mmoja unatuma data, mwingine unaikataa. Chuo A kinaandika krediti 3, mwanafunzi anahamia chuo B, na chuo B kinasema kozi hii hatuitambui. Mwanafunzi aliyeamka alfajiri muhula mzima anabaki na karatasi tu. Ahadi ni deni, lakini hapa aliyeahidi ni mmoja na anayedaiwa ni mwingine.

Florida ililitatua mapema, tangu miaka ya 1970, na dawa yao ni ile ambayo ningeichagua mimi: namba moja ya kozi kwa jimbo zima. ENC 1101 ni uandishi wa Kiingereza ngazi ya kwanza, uwe Miami au Tallahassee, na vyuo vilivyomo kwenye mfumo vinapaswa kuipokea. Ufunguo mmoja, maana moja. Hawakuhitaji kompyuta ya ajabu. Walihitaji kukubaliana.

Kwetu Kenya? Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 uliondoa vidato vya tano na sita, na tangu 1989 mtihani mmoja, KCSE, ukawa ndio daraja la kuingia chuo kikuu. Sasa mtaala mpya umeleta sekondari ya juu yenye mikondo 3, na sheria ya 2014 iliyounda mamlaka ya KNQA inataja kuhamisha krediti kati ya taasisi. Kwa hiyo mlango upo kwenye karatasi. Historia ya Wamarekani inatuambia swali la kuuliza kabla ya kununua kompyuta za maabara: kijana wa Kakamega akisoma kozi ya chuo cha ufundi akiwa sekondari, je, chuo kikuu cha Nairobi au Eldoret kitaipokea?

Tukishindwa kulijibu hilo, tutakuwa tumejenga programu nzuri sana isiyo na mahali pa kuhifadhi matokeo.