Mama mwenye akili nzito naye ni mama

Wasikilizaji wetu wa Mwadingusha, na ninyi jamaa mliokimbia vita mkapokelewa hapa, kuna neno linalosikika sana kisimani: "Yule mama akili yake haitoshi, aondolewe mtoto." Neno hilo ni la zamani.

Mwaka wa 1927 mahakama kuu ya Marekani ilikubali jimbo la Virginia limfunge uzazi mama kijana, Carrie Buck. Walisema yeye, mama yake na binti yake wote ni wapungufu wa akili. Binti huyo, Vivian, alihukumiwa hivyo akiwa mtoto wa kubebwa. Baadaye alisoma shule, na mwaka wa 1931 jina lake liliandikwa kati ya wanafunzi bora. Alikufa mwaka uliofuata, akiwa na miaka 8.

Miaka ileile, hapa kwetu, mtambo wa umeme wa Mwadingusha ulianza kazi, 1930. Union Minière ilitaka wafanyakazi wakae kampini na wake zao. Ikawafundisha wamama kulea, ikapima watoto kwenye mizani. Watoto walitunzwa, tusikatae. Lakini tulizoea pia kwamba kuna mkubwa anayeamua nani ni mama mzuri.

Vijijini mtoto hakuwa wa mtu mmoja. Mama aliyeshindwa kuhesabu vidonge alisaidiwa na nkambo, shangazi au jirani, na mtoto alibaki wake. Vita imevunja hayo. Jamaa inafika bila nkambo, na mama anabaki peke yake mbele ya macho ya watu.

Sheria iko upande wake. Mwaka wa 2015 Kongo iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya watu wenye ulemavu. Kifungu cha 23 kinakataza kumtenga mtoto na wazazi kwa sababu ya ulemavu wake au wao. Tarehe 3 Mei 2022 nchi yetu ilitoa sheria yake yenyewe ya kulinda watu hao.

Mtoto akipigwa au akilala njaa, tuseme, yeyote awe mzazi. Lakini akili nzito si kosa. Umsindikize mama huyo siku ya chanjo. Umwekee alama kwenye chupa ya dawa. Kabla ya kuuliza kama anaweza kulea, tuulize kwanza: nani anamsaidia?