Picha ni shahidi, lakini shahidi anaulizwa maswali



Siku nilipotetea mémoire yangu ya historia, nilikuwa na picha moja ambayo nilijivunia sana. Ilikuwa picha ya zamani ya mji wetu, ya wakati wa ukoloni: avenue moja iliyonyooka, miti pande mbili, nyumba nyeupe, barabara safi, hakuna hata mtu mmoja. Chini yake niliandika kwamba mji wakati ule ulikuwa safi na wenye utaratibu. Mwalimu mmoja wa jury akaniuliza maswali matatu tu. Nani alipiga hii picha? Aliipigia nani? Na wale waliofagia hii barabara wako wapi? Sikuwa na jibu hata moja. Nilipita, ndiyo, lakini yale maswali yalinifuata mpaka nyumbani.

Leo ninataka kuyauliza kwa picha nyingine, iliyo mbali kabisa na sisi: picha ya rangi ya karne ya 18, ya Italia. Niliichagua juu haituumi. Kitu kisichokuuma unakiangalia bila hasira, na kazi unaijifunza vizuri zaidi. Kisha tutarudi kwa ile avenue yangu.

Tuangalie kwanza

Picha yenyewe kwa Kiingereza wanaiita The Stonemason's Yard, ni kusema kiwanja cha mchonga mawe. Aliichora Giovanni Antonio Canal, ambaye watu wote wanamuita Canaletto, karibu mwaka wa 1725, ku Venezia, ule mji tunauita Venise kwa Kifaransa. Ni rangi ya mafuta juu ya kitambaa, upana kama metre moja na sentimetre 63, kimo kama metre moja na sentimetre 24. Leo iko London, mu National Gallery.

Ukisikia "Venise", unafikiri marumaru na dhahabu. Sasa angalia. Mbele kabisa ni shantie. Mawe makubwa yamelala chini ovyo, mengine yamechongwa nusu, mengine bado. Kuna kibanda cha mbao. Bamasoni wamepiga magoti, wanagonga jiwe. Kushoto mtoto mdogo ameanguka na anajikojolea. Mama yake ameacha ufagio, anamkimbilia mikono mbele. Msichana mmoja anasimama anawaangalia tu. Juu yao, ku balkoni, mwanamke mwingine anaanika matandiko na anachungulia chini. Mwingine amekaa ku dirisha lake anasokota uzi. Mwingine anateka maji ku kisima. Jogoo amesimama ku ukingo wa dirisha kama chef de quartier. Nyuma ya hayo yote njo unaona maji ya mfereji mkubwa, Canal Grande, na gondola zake. Ng'ambo kuna kanisa la matofali, Santa Maria della Carità, na mnara wake mrefu wa kengele.

Kiwanja hicho kiko mpaka leo, kinaitwa Campo San Vidal. "Campo" kwa Kiitalia ni shamba: watu wa Venezia wanaita viwanja vyao hivyo juu zamani vilikuwa vya majani. Na jina la picha linatudanganya kidogo. Haikuwa nafasi ya wachonga mawe ya siku zote. Kanisa la San Vidal, ambalo liko pale pale lakini halionekani mu picha, lilikuwa linatengenezwa, basi kiwanja cha kartie kikageuka shantie kwa muda.

Vitu viwili hapo vinatufundisha mengi kuhusu mji wenyewe.

Cha kwanza ni mawe. Venezia haina mlima, haina machimbo. Imejengwa ku visiwa vya matope, juu ya miti iliyopigiliwa chini kwa maelfu na maelfu. Jiwe lake zuri jeupe lilitoka Istria, ng'ambo ya bahari ya Adriatiki, likaletwa kwa mashua. Kila façade unayoiona ku kadi ya posta ilipita kwanza mu mikono ya watu waliopiga magoti kama hawa.

Cha pili ni kisima. Mji umezungukwa na maji, lakini ni maji ya chumvi. Kwa kunywa, walitegemea mvua. Chini ya kiwanja walichimba shimo kubwa, wakalifunika pande zote na udongo wa mfinyanzi ili maji ya chumvi yasiingie, wakalijaza mchanga. Maji ya mvua yalipita ndani ya mchanga, yakajisafisha, yakakusanyika katikati, ndani ya kile kisima. Kwa hiyo kiwanja chote kilikuwa chombo cha kuchuja maji. Yule mama anayeteka maji hakuwekwa pale kwa urembo tu. Bila kisima chake, kartie haina maisha.

Nani alichora, na kwa ajili ya nani?

Canaletto alizaliwa Venezia mwaka wa 1697. Baba yake, Bernardo Canal, alikuwa mchoraji wa mandhari za jukwaa la teatri, na mtoto alianza kazi kando yake. Mushike hilo vizuri: huyu mtu alijifunza kwanza namna ya kufanya barabara ya uongo ionekane ya kweli. Karibu mwaka wa 1720, kisha safari ya Roma, akaacha teatri akaanza kuchora miji.

Wanunuzi wake wakubwa wakawa Waingereza. Wakati ule vijana wa matajiri wa Uingereza walizunguka Ulaya kumalizia masomo yao, na Venezia ilikuwa lazima. Walitaka kurudi na picha, kama vile sisi tunapiga selfie. Joseph Smith, mfanyabiashara Mwingereza aliyekaa Venezia na kuwa konsuli wa nchi yake mwaka wa 1744, njo alikuwa mtu wa katikati: alinunua kwa Canaletto na alimpatia wanunuzi. Mwaka wa 1762 Smith akauza mkusanyo wake mkubwa kwa mfalme George III.

Picha za wale wageni ni za sherehe: kiwanja cha San Marco, jumba la doge, mashua zilizopambwa, anga la bluu. Ni picha nzuri, sikatai. Lakini Venezia ya wakati ule ilikuwa imekwisha kupoteza nguvu yake. Biashara kubwa ilikuwa imehamia bahari ya Atlantiki, na mwaka wa 1797 Napoléon akaimaliza ile jamhuri. Ukiangalia paka zile picha za sherehe, hautaona kwamba mji ulikuwa mgonjwa. Mnunuzi hakulipa apewe habari ya ugonjwa.

Picha ya bamasoni ni ya mbele ya ile biashara kupamba moto. Wataalamu wengi wanafikiri aliichorea mtu wa Venezia mwenyewe, juu mgeni hangechagua nguo zilizoanikwa, plasta iliyobanduka na mtoto anayejikojolea. Ni mtu wa kartie njo anapenda kuona kartie. Baadaye picha ilifika Uingereza, ikawa mali ya George Beaumont, naye akaitoa zawadi kwa taifa. Iliingia mu National Gallery mwaka wa 1828.

Hapa tunapata jibu la swali la pili la ile jury. Mkono ni ule ule, macho ni yale yale, mji ni ule ule. Lakini aliyeomba akibadilika, na mji unabadilika. Ku picha za wageni, mtu wa kazi ni nukta ndogo ya rangi kando ya façade. Ku picha ya 1725, façade njo iko mbali, na mtu wa kazi yuko mbele.

Na tusifikiri kwamba mikono ya Venezia haituhusu hata kidogo. Ushanga wa kioo wa Venezia ulibebwa na misafara ya karne ya 19, kutoka pwani mpaka Ujiji, na kuvuka ziwa mpaka Maniema, kulipia chakula na pembe za ndovu. Tunakumbuka majina ya wakubwa wa misafara. Majina ya waliotengeneza ule ushanga, na ya wapagazi walioubeba ku mabega, hatuyajui.

Je, tuiamini?

Bon, tufike ku swali gumu. Mnara wa kengele wa Carità ulianguka mwaka wa 1744. Haukujengwa tena. Mwanzo wa karne ya 19 kanisa lenyewe liliacha kuwa kanisa, na leo ni sehemu ya makumbusho ya Accademia. Mwaka wa 1854 wakajenga daraja pale, kati ya San Vidal na Carità. Mbele ya hapo, daraja la Rialto lilikuwa peke yake juu ya Canal Grande, na watu walivuka kwa mashua. Ukisimama leo ku Campo San Vidal, ile unayoona si ile ya Canaletto. Mnara unaishi paka mu picha.

Nilipojua hayo nilisema: voilà, picha ni archive! Nilikuwa ninarudia kosa langu la ile avenue.

Juu Canaletto huyo huyo, mu miaka ya 1740, alichora daraja la Rialto kama vile Palladio, fundi mkubwa wa karne ya 16, alivyolipanga. Daraja hilo la Palladio halikujengwa hata siku moja. Mu picha liko pale, limesimama juu ya maji na nguzo zake, kivuli chake kimelala vizuri, watu wanapita na gondola zao. Mtu asiyejua angeapa kwamba lilikuwepo. Hata mu picha zake za kawaida alisogeza nyumba, alipanua kiwanja, aliunganisha sehemu mbili za kusimama kuwa moja. Mtoto wa teatri hakusahau kazi ya baba yake.

Basi tuko na mnara wa kweli ulioanguka, na daraja la uongo lililosimama, vyote viwili kwa mkono mmoja, kwa rangi ile ile. Picha peke yake haiwezi kukuambia kipi ni kipi. Mnara tunauamini juu tuko na mashahidi wengine: ulichorwa mu picha zingine pia, kuanguka kwake kunajulikana, na kanisa lake bado limesimama pale.

Hilo si jambo la maprofesa peke yao. Bernardo Bellotto, mtoto wa dada yake Canaletto, alijifunza kazi kwa mjomba, kisha akaenda Ulaya ya kaskazini. Mu miaka ya 1770 alichora mji wa Warszawa, ku Poland, zaidi ya picha ishirini, kwa ajili ya mfalme. Mwaka wa 1944 Wajerumani waliubomoa ule mji karibu wote. Kisha vita, wenyeji wakataka kuujenga tena kama ulivyokuwa, na kati ya vitu walivyotumia kuna picha za Bellotto. Lakini Bellotto naye alipenda kurekebisha hapa na pale. Kwa hiyo kuna nyumba ambazo zilijengwa upya kufuata picha, kuliko kufuata vile zilivyokuwa mbele ya vita. Leo watu wanalala mu nyumba ambazo mchoraji alizirembesha karne mbili mbele yao. Siwacheki. Mtu aliyepoteza mji wote anashika kile kilichobaki. Ninasema tu kwamba picha isiyoulizwa inaweza kuwa ukuta wa nyumba yako.

Turudi kwa avenue yangu

Walinipa muda wa kufanya masahihisho kabla ya kuweka mémoire ku bibliothèque. Nikachukua ile picha, nikaipeleka kwa mzee mmoja wa kartie yetu. Akaiangalia muda mrefu. Akaniambia: "Mwanangu, baba yangu alifagia hii avenue. Walianza usiku, juu mbele wazungu waamke ilibidi wawe wamekwisha kutoka." Kisha akanyoosha kidole ku miti: "Na hii miti, ni wao walipanda."

Kumbe ile barabara haikuwa bila watu. Watu walikuwa wameondolewa saa moja mbele ya picha kupigwa. Ile niliyoita utaratibu ilikuwa saa ya kazi ya mtu, na amri ya kutoonekana.

Sikuitoa picha. Nilibadilisha maneno ya chini. Mbele yalikuwa mstari mmoja; sasa ni mistari sita, na jina la baba wa yule mzee liko ndani, kwa ruhusa yake. Aliyepiga sikumpata, na niliandika hivyo hivyo.

Kwa wale munaoandika TFC na mémoire mwaka huu: mbele ya kubandika picha, andikeni kwanza nani aliipiga ao kuichora, lini, na nani aliiomba. Kisha tafuteni mu ile picha mtu anayefanya kazi. Kama yuko, semeni anafanya nini. Kama hayuko, muende muulize mzee, maadamu wazee bado wako.