Mkono na Pingili: Historia ya Kupapasa Uti wa Mgongo katika Kairopraktiki

Kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma viungo kwa mikono, hasa pingili za uti wa mgongo, ilianza mwaka 1895 mjini Davenport, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, pale Daniel David Palmer, mganga mzaliwa wa Kanada, alipomtibu Harvey Lillard, mfanya usafi aliyekuwa na uziwi. Palmer alieleza kwamba alipapasa pingili iliyochomoza, akairudisha mahali pake, na Lillard akasikia. Dai hilo halikukubaliwa na matabibu wengi, kwa kuwa neva ya kusikia hutoka sikioni hadi kwenye ubongo ndani ya fuvu, wala haipiti mgongoni.

Hata hivyo, kisa hicho kiliufanya upapasaji kuwa msingi wa uchunguzi. Mtabibu alipitisha vidole juu ya miiba ya pingili, yaani ncha za mifupa zinazohisika chini ya ngozi, akitafuta iliyoegemea upande. Lakini mwiba huweza kupinda kwa maumbile tu, ilhali pingili yenyewe haijahama. Ndipo B. J. Palmer, mwana wa mwasisi, alipoingiza eksirei katika chuo cha Davenport mwaka 1910, na mwaka 1924 akatangaza nyurokalomita, kifaa cha kupima tofauti ya joto kati ya pande mbili za mgongo. Sharti la kukikodi kifaa hicho kwa bei kubwa lilizua mfarakano, na baadhi ya walimu wakajitenga na kuanzisha chuo cha Lincoln mjini Indianapolis mwaka 1926.

Mashine hazikuuondoa mkono, bali mkono ulipewa swali jingine. Henri Gillet wa Ubelgiji aliendeleza upapasaji wa mwendo, ambapo mtabibu huweka kidole kwenye kiungo huku akimwinamisha na kumgeuza mgonjwa, ili kuhisi kiungo kilichokaza badala ya mfupa uliohama. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba wachunguzi wawili aghalabu hutofautiana wanapotaja kiungo kilichokaza, bali hukubaliana zaidi wanapotafuta mahali panapouma pakibonyezwa. Kwa sababu hiyo, upapasaji unafaa kuambatana na maelezo ya mgonjwa na vipimo vya neva, kwani peke yake hautoshi kuthibitisha chanzo cha maumivu.