Kizazi cha saba cha konsoli za michezo ya video

Kizazi cha saba cha konsoli ni kundi la mashine za michezo ya video, za nyumbani na za mkononi, zilizoanza kuuzwa mwaka 2004. Za mkononi zilitangulia: Nintendo DS, yenye skrini mbili, ya chini ikiwa ya kugusa, na PlayStation Portable ya Sony. Zikafuata za nyumbani: Xbox 360 ya Microsoft (2005), kisha PlayStation 3 na Wii (2006). Mbili za kwanza zilishindania ubora wa picha. Wii ya Nintendo, hafifu kwa picha, ilitegemea rimoti inayohisi mwendo wa mkono. Katika tenisi, mchezaji aliipunga hewani kama raketi. Wii ndiyo iliyouzwa zaidi kati ya hizo tatu za nyumbani, ikipita milioni 100. DS ilipita milioni 150.