Mpini wa Kisu cha Zamani

Msomaji, kisu hakikosekani katika jiko lolote, na kwa sababu hiyo ni nadra kukitazama. Makali huyakumbuka tunapotaka kukata, lakini mpini hatuufikirii mpaka ulegee na kuanza kucheza mkononi. Hapo ndipo swali huzuka: ubadilishwe au uachwe ulivyo? Fundi wa sokoni atakujibu kwa neno moja, maana riziki yake ni kuweka mipini. Lakini wewe unayesoma historia huna budi kungoja kidogo kabla ya kuuchomoa, kwa kuwa pengine mpini una habari nyingi kuliko bapa.

Binadamu alikata kwa muda mrefu sana bila ya mpini. Ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Magadi utapita Olorgesailie, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walifanya uchunguzi katika miaka ya 1940. Pale yamelala mashoka ya mawe mengi ajabu, makubwa, yaliyoshikwa kwa kiganja kitupu. Katika mwaka wa 2018 wataalamu walitangaza kwamba bonde lilo hilo lina vyombo vingine vya miaka karibu 320,000 iliyopita, vidogo na vyembamba, ambavyo vingeweza kufungwa kwenye mti. Mti wenyewe hatuuoni. Kama ulikuwapo, umeoza, na kamba imeoza; jiwe peke yake limebaki. Ndiyo maana vitabu vyetu husimulia mengi juu ya makali na machache juu ya mipini.

Mara moja moja bahati hutokea. Katika mwaka wa 1991 maiti ya mtu wa kale ilionekana katika barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria. Alikufa miaka kama 5,300 iliyopita, na barafu ilimhifadhi pamoja na mizigo yake. Alikuwa na kisu kidogo cha jiwe la gumegume, na mpini wake wa mti ulikuwa bado umeshika, umefungwa kwa kano za mnyama, na ala yake ilikuwapo. Fikiri, msomaji: kama mtu angalitoa mpini ule kwa sababu umechakaa, tungalibaki na kipande cha jiwe kama vingine vingi.

Chuma kilipokuja, ufundi ulibadilika. Mfuaji huliacha bapa na ulimi mwembamba kwa nyuma, uitwao msuka, na msuka huingia katika tundu la mpini, kisha noleo hufungwa mdomoni ili mti usipasuke. Njia nyingine ni kufanya msuka uwe mpana, ukabanwa kwa vipande viwili vya mti na kupigiliwa ribiti. Wajapani wana desturi inayopasa kujulikana. Mhunzi wa upanga huchora jina lake juu ya msuka, mahali ambapo mpini huufunika, na mpini hushikwa kwa kijiti cha mwanzi tu ili uweze kutolewa. Kutu ya msuka haisuguliwi hata kidogo, maana wajuzi hukisia umri wa upanga kwa kutu hiyo. Kwao mpini ni nguo ya kubadilishwa. Nao wana haki, kwa kuwa ushahidi wao umeandikwa katika chuma.

Visu vya Sheffield, huko Uingereza, ni jambo jingine, na hapa habari inatuhusu sisi wenyewe. Mji ule ulikuwa na chama cha mafundi wa visu kilichowekwa kwa sheria tangu mwaka wa 1624. Mmoja alifua, wa pili alinoa, wa tatu alitia mpini. Katika karne ya 19 visu vyao bora vilitiwa mipini ya pembe za ndovu, na sehemu ya pembe hizo ilitoka kwetu. Misafara ilizichukua kutoka Tabora na Ujiji hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja; na Wakamba walizileta Mombasa kutoka bara. Pembe moja kubwa ilikuwa mzigo mzito wa bega la mtu kwa miezi. Wachukuzi wengine walikuwa watu huru wa ujira, wengine watumwa. Majina yao hayakuandikwa popote juu ya kisu. Jina lililochorwa bapani ni la mwenye kiwanda.

Sasa rudi kwenye swali. Mipini ya pembe aghalabu ilishikizwa kwa utomvu mkavu wa miti uliochanganywa na vumbi la matofali. Maji ya moto huulainisha, na kwa hiyo vitabu vya mapishi vya zamani viliwaonya wapishi wasivitumbukize visu hivyo katika maji hayo. Kisu kilicholegea si salama. Bapa likigeuka, hukata mwenyewe, na maji yakiingia, msuka hula kutu. Basi mpini wa mti wa kawaida, uliopasuka, katika kisu cha kazi, ubadilishwe bila ya majonzi. Mkulima hubadili mpini wa jembe lake kila unapovunjika, na jembe hubaki lake.

Wafaransa wana kichekesho cha kisu cha Jeannot, kilichobadilishwa bapa, kisha mpini, na mwenyewe akasema bado ni kile kile. Wayunani wa kale walibishana hivyo hivyo juu ya jahazi la Theseus, ambalo Waathene walilitia mbao mpya kila za zamani zilipooza. Mimi naona ubishi huu ni mtamu lakini haufai jikoni. Swali la haki si kama kisu kitabaki kile kile, bali ni sehemu gani ikitoka itaondoka na habari isiyopatikana penginepo.

Kwa hiyo tazama kwanza. Kama bapa halishiki kutu, si la kabla ya mwaka wa 1913, wakati Harry Brearley wa Sheffield alipotengeneza chuma cha namna hiyo. Na kama mpini ni mkongwe kuliko hapo, jua kwamba lililobadilishwa ni bapa. Tazama pia ncha ya mpini. Pembe ya kweli ina mistari myembamba inayokatana kama wavu. Seluloidi, iliyobuniwa Marekani karibu na mwaka wa 1870, huigwa kwa mistari iliyonyooka. Ukiona wavu, usitafute pembe mpya. Kenya ilichoma tani 12 za pembe katika mwaka wa 1989 na tani 105 katika mwaka wa 2016, na sheria ya mwaka wa 2013 inakataza mtu kuwa na pembe bila ya kibali. Kisu cha namna hiyo kipelekwe kwa wakuu wa wanyama wa pori au wa makumbusho, na mpini wake ukiwa umelegea vivyo hivyo. Kwa vitunguu nunua kisu kingine.