HIYO SHERIA YA MAVAZI MNAYOITAKA



Ndugu zangu katika imani, wengi wenu mnataka Bunge litunge sheria ya kuwabana wanaovaa ovyo barabarani. Uchungu wenu naujua, na hapa sitetei uchi. Lakini hebu kwanza turudi nyuma kidogo.

Mliokwenda Samunge mwaka 2011, wakati wa kikombe cha Babu, mlipita nchi ya Wamasai. Mliwaona wazee wa rubega nyekundu, fimbo mkononi. Je, mnajua kwamba serikali yetu iliwahi kuwaandama kwa vazi hilo hilo? Mwaka 1967 ilianza kampeni mkoani Arusha: Wamasai waache rubega na udongo mwekundu, wavae suruali na magauni. Asiyetii alikataliwa hata kupanda basi. Ikasemwa ni aibu kwa taifa linaloendelea. Mzee aliyejisitiri kama alivyofunzwa na babu zake akaambiwa yuko uchi! Leo tazama mabango ya utalii: nani kawekwa mbele? Yule yule, na shuka lake.

Haya, tushuke Dar es Salaam. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, kuanzia Januari 1, 1969. Wengi wetu tungepiga takbira. Lakini hata tarehe haijafika, makundi ya vijana yakawa Kariakoo yanawashambulia wanawake na kuwachania nguo. Subhanallah! Kwa jina la stara, binti wa watu anavuliwa hadharani.

Na kipimo atashika nani? Juni 2021 Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa bungeni kwa suruali iliyodaiwa kubana, na wabunge wenzake wanawake wakamtetea. Bunge lina kanuni zilizoandikwa, na bado suruali moja iliwagawa. Mgambo wa stendi je?

Mtaniambia kuamrisha mema ni wajibu. Naam, ni wajibu. Basi fungueni Suratun-Nur. Aya ya 30 inawaamuru wanaume wainamishe macho. Mavazi ya wanawake yanakuja aya ya 31. Hiyo ya 30 mbona hamjaiombea sheria?